Ukibandua Flea za Gari Ukakuta Kutu: Je, Una Haki ya Kulirudisha?



Shukrani zote ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu, suala la leo ni la magari, na najua wapo watakaosema shekhe kaacha twahara na swala kaingia gereji. Basi elewa kwamba mlango wa biashara katika vitabu vya fiqhi ni mpana kuliko wengi wetu tunavyodhani. Na kwa uzoefu wangu wa uimamu, kwa kila mtu mmoja anayenisubiri baada ya Isha aniulize kuhusu udhu, wawili wananisubiri kwa sababu ya pesa.

Kijana mmoja wa msikitini kwetu hapa Tanga alinunua Land Cruiser VX, zile za miaka ya 1990, kwa shilingi milioni 24. Muuzaji naye ni mtu wetu, hakosekani safu ya mbele. Gari lilikuwa na flea. Kwa asiyezijua, flea ni zile kingo za plastiki zinazozunguka bodi juu ya kila tairi, zimetokeza nje kama ukingo wa kofia. Kazi yake ni kuzuia tope na mawe yanayorushwa na tairi pana lililotoka nje ya bodi. Nyingine zinakuja na gari kutoka kiwandani, nyingine mtu hununua akafunga mwenyewe kwa kupenda umbo.

Siku ya tisa kijana anaosha gari lake. Akaona chini ya flea ya nyuma kushoto panachirizika maji ya rangi ya chai. Anafuta, yanarudi. Akampigia muuzaji simu, naye akamjibu: "Mimi nilikuuzia lilivyo, na wewe uliliona. Ukibandua kitu chochote hapo, usiniletee tena." Kijana akaja kwangu na swali ambalo wallahi lilinipendeza kuliko maswali mengi ninayoulizwa. Akasema: "Shekhe, nisipobandua sitajua kuna nini. Nikibandua, ataniambia nimeharibu. Nishike lipi?"

Kwanza tujue kwa nini alikuwa na haki ya kushuku. Wale mliosoma sekondari mtakumbuka ile misumari ya kemia ndani ya mirija ya kioo. Msumari uliowekwa mkavu haukushika kutu. Uliozamishwa kwenye maji yaliyochemshwa na kufunikwa mafuta, nao haukushika. Ulioliwa ni ule uliopata maji na hewa kwa pamoja, na ukiongeza chumvi unaliwa upesi zaidi. Sasa tazama flea. Haikubani bodi kabisa, inaacha kijinafasi. Tope na mchanga wa barabara vinaingia humo na kukaa kama sponji iliyolowa. Hewa ipo, maji yapo, na sisi wa pwani chumvi tunayo hata tusipoiomba. Zaidi ya hapo, zile zinazofungwa kwa skrubu zimetobolewa bati, na pembezoni mwa kila tundu bati limebaki bila rangi. Kwa hiyo gari linaweza kung'aa kama sahani ya harusi, na chini ya flea mambo ni mengine.

Tuje kwenye hukumu. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, mnunuzi akigundua aibu iliyokuwepo kabla hajakabidhiwa bidhaa, aibu inayopunguza thamani yake, ana khiyari: ama aridhike nayo kwa bei ileile, ama airudishe na kuchukua pesa zake. Lakini ipo kanuni nyingine inayomlinda muuzaji: bidhaa ikipata aibu mpya mikononi mwa mnunuzi, hawezi tena kumlazimisha muuzaji aipokee. Kijana wetu alikuwa amesimama katikati ya kanuni hizi mbili.

Imamu Nawawi (rahimahullah), aliyefariki mwaka 676 Hijria, amelizungumza jambo hili katika Minhaji, kitabu ambacho makadhi wa pwani yetu wamekitegemea miaka mingi. Hakuzungumzia magari, amezungumzia yai, tikiti na nazi. Ndiyo, nazi, ndugu yangu. Umenunua nazi, huwezi kujua ni koroma au imeoza mpaka uivunje. Ukiivunja ukakuta imeharibika, lakini bado ina thamani yoyote, unairudisha, na kwa kauli yenye nguvu hulipi chochote kwa kuivunja, kwa sababu haikuwepo njia nyingine ya kuijua. Nakumbuka tulipolisoma somo hili madrasa tulicheka, kwa kuwa kila mmoja wetu alishawahi kutumwa dukani kurudisha nazi na akafukuzwa.

Lakini usikimbilie hapo ukaishia hapo. Imamu ameongeza sharti: ikiwa aibu ingeweza kujulikana kwa uharibifu mdogo kuliko ulioufanya, basi ule wako unahesabiwa kuwa aibu mpya. Yaani tikiti lililotosha kutobolewa, wewe umelipasua kwa shoka. Hapo mambo yanabadilika. Muuzaji akikubali kulipokea lilivyo, sawa. Asipokubali, itabidi mkubaliane: ama umlipe fidia ya ulichoharibu uirudishe, ama akulipe fidia ya aibu ya zamani ubaki nayo.

Kwa hiyo nikamwambia kijana: bandua, lakini namna utakavyobandua ndiyo itakayokuwa hoja yako. Mwite muuzaji ahudhurie. Akikataa, leta mashahidi wawili. Na fundi asiguse bisibisi mpaka nifike.

Muuzaji alikuja, uso umemkunjamana, akasimama mbali. Fundi alikuwa mzee mmoja wa bodi, mtu wa maneno machache. Nieleze alivyofanya, kwa sababu wengi mnaharibu magari yenu hapa. Kwanza aliosha sehemu yote kwa maji, maana mchanga ukibaki unakwaruza rangi wakati unavuta. Akabandika utepe wa karatasi, ule wa mafundi rangi, kwenye bodi kuzunguka ukingo wote wa flea. Kisha akaingia chini ya tairi na tochi, akatafuta skrubu upande wa ndani. Zilikuwa na kutu, akazipulizia mafuta ya kulainishia, akakaa chini akanywa kahawa. Kijana akawa anahangaika, "Fundi, si ukate tu?" Mzee hakumjibu. Baada ya nusu saa skrubu zilitoka, isipokuwa mbili zilizobidi kukatwa vichwa, nazo alizikata kwa ndani.

Juu palibaki klipu za plastiki na gundi ya utepe wa pande mbili. Hapa ndipo wenye haraka huchomeka bisibisi na kukwanyua, na rangi inatoka na gundi. Mzee alikuwa na draya ya saluni, akaipasha moto ile gundi mpaka ikalegea, akapitisha mshipi wa kuvulia nyuma ya flea akawa anaukata utepe huku na huku kama mtu anayepitisha msumeno taratibu. Klipu akazibana kwa kipande cha plastiki bapa. Flea ikashuka mikononi mwake nzima, na rangi ya bodi nzima.

Mbele, pande zote mbili, palikuwa na udongo mkavu na bati zima. Nyuma kulia kutu ya juujuu, ya msasa na praima tu. Nyuma kushoto alipogonga kwa kifundo cha kidole, hapakulia bati. Pamejazwa puti, kipande cha urefu wa kiganja, na juu yake rangi. Nyuma ya puti hakuna bati kabisa. Maji ya rangi ya chai yalitokea hapo.

Sasa sikiliza kilichotokea, maana hili ndilo lililonifanya niandike. Kijana akageuka akamwambia mwenzake, "Ulijua!" Yule akaapa kwamba gari kalinunua miaka minne iliyopita, flea zikiwepo, na hajawahi kuzifungua. Sauti zikapanda, gereji nzima ikatazama. Watu wawili wanaosimama bega kwa bega kila alfajiri.

Nikawanyamazisha nikawaambia: mnagombania kitu ambacho hukumu haikihitaji. Khiyari ya mnunuzi haisimami juu ya kujua kwa muuzaji. Inasimama juu ya kuwepo kwa aibu kabla ya makabidhiano, na hilo halina mzozo, puti ile imekauka miaka. Awe alijua, awe hakujua, gari linarudi. Kujua kwake ni jambo la dhambi, hilo liko baina yake na Mola wake. Kwa hiyo wewe kijana unaweza kudai haki yako yote bila kumwita mtu mwongo. Na wewe mzee mwenzangu unaweza kurudisha pesa bila kukiri wizi usioufanya.

Msinielewe vibaya, kuficha aibu si jambo dogo. Katika Sahihi Muslim imo habari ya Mtume (S.A.W.) kupita kwenye lundo la chakula sokoni, akaingiza mkono akakuta umajimaji chini. Mwenye mali akasema ni mvua. Mtume hakumlaumu kwa mvua. Alimuuliza kwa nini hakuweka kile kilicholowa juu watu wakione, kisha akamtoa mwenye kudanganya katika watu wake. Basi anayefunga flea ili kufunika kutu kabla ya kuuza, anajua mwenyewe amesimama wapi. Lakini kumtuhumu mtu kwa hilo kunataka ushahidi, na kijana hakuwa nao.

Muuzaji akashika lile neno lake, "nilimuuzia lilivyo." Neno hili limeenea sana siku hizi, hata kwenye mikataba iliyochapwa. Kwa madhehebu yetu, sharti la kujivua na kila aibu linamsaidia muuzaji katika jambo moja tu: aibu iliyofichika ndani ya mnyama, ambayo muuzaji hakuijua. Mnyama anakula, anaugua, anapona, ndani yake hakuna anayepajua. Bati halili majani, ndugu yangu. Sharti lile halimwondolei kitu kwenye gari.

Jambo la mwisho ni haraka. Kurudisha kwa aibu ni papo hapo, na ukiendelea kukitumia kitu baada ya kujua, umeridhika nacho. Kijana alikuwa na harusi Muheza Jumamosi ile, akaniuliza kama anaweza kwenda nalo kwanza kisha alirudishe. Nikamwambia ukienda nalo harusini, na haki yako imeolewa hukohuko. Kuliendesha kulipeleka kwa mwenyewe ni sawa, wanazuoni wamemwachia hata mwenye mnyama mkaidi asiyeburutika ampande akimrudisha.

Walivyomaliza ni hivi. Kijana bado alilipenda gari, injini yake nzuri. Akataka apunguziwe milioni 3 abaki nalo. Nikawaambia msiuze haki ya kurudisha kwa pesa, kwa kauli sahihi zaidi kwetu hilo halisihi. Vunjeni kwanza mauziano ya mwanzo, gari liwe lake, pesa ziwe zako. Kisha uzianeni upya kwa milioni 21, aibu ikitajwa kwa jina na kuandikwa. Wakafanya hivyo palepale juu ya boneti, fundi akawa shahidi. Mikono wakapeana, ingawa bila tabasamu, na Maghrib nikawaona safu moja.

Flea hakuzirudisha. Bati lilichomelewa kipande kipya, matundu ya skrubu yakapigwa msasa, praima, rangi, kisha yakazibwa kwa vizibo vya mpira. Ila nilimsisitiza kitu kimoja: matairi yake ni mapana, na bila flea yanatokeza wazi. Mvua ikinyesha, tope lote litakwenda kwa mtembea kwa miguu anayewahi alfajiri na kanzu yake nyeupe, na kumdhuru mtu njiani ni haramu hata kwa tope. Akabadilisha rimu na matairi, akarudi kwenye upana wa kiwandani. Na wewe unayetaka kuzitoa kwa sababu ya mtindo tu, anza na hilo kabla hujatafuta fundi.

Wallahu aalam. Swali la ndugu aliyeuliza kuhusu bodaboda ya mkataba nimeliona, nitalijibu inshaallah Alhamisi.