Mche wa Sabuni



Baada ya Misa ya Dominika iliyopita mama mmoja mzee wa Jumuiya zetu alinisubiri penye mlango wa sakristia. Alikuwa amepigiwa simu na kijana mwenye sauti ya upole, aliyedai kwamba fedha zimeingia katika M-Pesa yake kwa makosa, akamsihi azirudishe. Alizirudisha. Kumbe alituma karo ya mjukuu wake. Polisi wamemwambia kwamba huenda mpigaji yumo gerezani. Akaniuliza, “Padre, wewe huingia huko. Simu hupitaje ukuta ule?”

Nilimjibu kwamba wako askari wanaopokea hongo. Sikusema uongo, lakini halikuwa jibu lote.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa kasisi wa gereza ambalo sitalitaja, mama mmoja alinipa mfuko nimpelekee mwanawe: dawa ya meno, rozari na mche wa sabuni. Siku ile langoni palikuwa na wanawake waliosafiri tangu alfajiri. Mikate yao ilikatwa vipande vipande, unga ukachomwa kwa waya, watoto wakavuliwa viatu. Askari kijana aliponiona alinipigia saluti. “Pita, Baba.” Nikapita, na kusema kweli nilifurahia heshima ile.

Baada ya Misa, nilipokuwa nikimkabidhi yule mfungwa mfuko wake, mche wa sabuni ulianguka sakafuni ukapasuka. Ndani, imeviringishwa kwa nailoni, mlikuwa na simu ndogo kama kidole gumba. Tulitazamana. Niliiokota, nikaitia mfukoni mwa kanzu, nikatoka nayo kama nilivyoingia, bila kupekuliwa.

Sikumwambia mkuu wa gereza. Nilijiambia kwamba ninamhurumia yule askari, ambaye angefukuzwa kazi, na yule mama, ambaye angeshtakiwa. Huruma ilikuwapo. Ilikuwapo pia hofu ya jina langu.

Nimeyakumbuka hayo kila zinapotajwa habari za Kamiti. Mwezi Aprili 2008 askari magereza wa Kenya waligoma kwa ajili ya posho na makazi duni. Novemba mwaka uo huo, runinga zilionyesha askari wa Kamiti wakiwapiga wafungwa katika msako wa simu za mkononi. Kisha Novemba 2021 wafungwa watatu wa makosa ya ugaidi walitoroka humo humo, mmoja wao akiwa amehukumiwa kwa shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la 2015, lililoua watu 148. Serikali ilitangaza zawadi ya shilingi milioni 60. Kamishna Mkuu wa Magereza aliondolewa, askari wakakamatwa, na watoro wakanaswa Kitui siku chache baadaye.

Katika msako virungu huwashukia walio sakafuni. Lakini simu haioti sakafuni. Imeingia kwa mlango, mkononi mwa mtu aliyeaminiwa au aliyelipwa. Anayelipwa tunamlaani upesi. Anayeaminiwa hata haulizwi, na nina hakika si mimi peke yangu niliyepita kwa saluti, wala sijui mfuko wangu wa juma lililotangulia ulibeba nini.

Jumatano nilikwenda kwa yule mama mzee, nikamsimulia habari ya sabuni. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama mama wa yule mfungwa alijua kilichokuwamo. Hilo sikuwahi kumwuliza.

Siku hizi nifikapo langoni hufungua mkoba wangu mwenyewe na kuinua mikono. Askari wengi hucheka, wengine huona haya. Mpaka leo ni mmoja tu, binti mgeni kazini, aliyefungua kopo la hostia akatazama mpaka chini.