Unyuzi Mmoja Nyuma ya Spika

Amplifaya ya marehemu baba ilinyamaza Jumapili moja mchana, katikati ya wimbo wa Mbaraka Mwinshehe. Haikukoroma, haikutoa moshi. Ilikata tu, na taa nyekundu ya mbele ikazimika. Baba aliinunua enzi zake za kazi Morogoro, na utotoni hatukuruhusiwa kuigusa kabla ya kunawa mikono. Ilipozimikia kwangu niliona nimeiharibu amana.

Nikaikimbiza kwenye kibanda cha karibu. Kijana akaifungua, akaona fyuzi imekatika, na kwa kuwa hakuwa na fyuzi ya kipimo kile alichuna kipande cha waya, akatoa nyuzi tatu za shaba na kuzisokotea juu ya fyuzi iliyokufa. Robo saa haikufika. Nilimlipa, nikamshukuru, na jioni ile nyumba ikajaa muziki tena.

Siku ya nne ukumbi ukanuka kuungua.

Safari hii niliibeba hadi Magomeni, kwa mzee mmoja anayetengeneza redio tangu mimi sijaanza shule. Nilitaraji ashike bisibisi. Yeye alivuta kigoda, akaniuliza maswali. Ilipokata mara ya kwanza, sauti ilikuwa juu au chini? Kulikuwa na mtu karibu nayo? Siku zile mlihamisha kitu chochote pale ukumbini? Nikakumbuka kwamba tulisogeza kabati ili kupiga deki.

“Basi mwanangu, rudi nyumbani ukalete spika zote mbili na nyaya zake.”

“Mzee, spika ni nzima. Iliyoharibika ni hii.”

“Hii nimeiona. Kalete na jamaa zake.”

Sikufurahi. Spika zile ni nzito na jua lilikuwa kali. Lakini nilikwenda, na niliporudi alikuwa amekwisha kuondoa kifuniko. Kabla ya kuingiza mkono alizishusha chaji kapasita zile kubwa mbili kwa rezista, akaninong’oneza kama anayemwonya mtoto kuhusu kisima: chombo hiki hata ukikichomoa ukutani, bado kina umeme uliojificha humu. Hilo peke yake lilinifikirisha njia nzima siku ile, kwa maana nawajua watu kadhaa, nami nikiwamo, ambao tumekwisha kuzima lakini hatujatulia.

Akapima kwa mita. Transista mbili za upande wa kushoto zilikuwa zimekufa. Alinieleza kwamba hizi hufanya kazi kwa jozi, moja inasukuma na nyingine inavuta, ndiyo maana yeye hazibadilishi moja moja. Hata moja ikipona, imekwisha kuchoshwa na kifo cha mwenzake. Zile mpya alizokuwa nazo alizichagua kwa makini, maana sokoni feki ni nyingi. Aliwahi kuvunja feki kwa koleo, akanionyesha vipande vyake kwenye kopo: kile kijiwe cha ndani kinachobeba kazi yote kilikuwa kidogo sana kuliko cha transista halisi, ingawa kwa nje zote mbili zimeandikwa namba ile ile.

Hata hivyo hakuzitia. Aliziweka kando, akavaa miwani, akaanza kuzikagua nyaya za spika kwa vidole, polepole, kama mtu anayepekua mchele. Nyuma ya spika ya kushoto akasimama. Unyuzi mmoja wa shaba, mwembamba kama unywele, ulikuwa umechomoza kwenye skrubu nyekundu na kuilalia ile nyeusi. Kabati liliposogezwa, waya ulivutika na unyuzi ukagusa.

“Muuaji ni huyu,” alisema. “Hawa wa ndani hawana kosa. Na fyuzi yako haikuwa mbovu. Ilikatika mara ya kwanza ili kuwaokoa. Mkaifunga mdomo kwa waya, huyu alipogusa tena hapakuwa na wa kukata.”

Nilikaa kimya, na aliyekuwa akilini mwangu hakuwa baba tena. Nilikuwa nikimwaza binti yangu.

Alikuwa darasa la sita. Tulihamia Kibamba, shule ikabaki mjini, basi likawa linampitia saa kumi na nusu alfajiri na kumrudisha magharibi. Mwalimu akatuita: mtoto anasinzia, alama zimeshuka. Tulimpima macho. Tukamtafutia twisheni ya Jumamosi, siku pekee aliyokuwa akilala hadi jua lichomoze. Asubuhi moja alikaa kitandani na kiatu kimoja mguuni, akalia, akasema haendi. Nilimfokea hadi akaenda. Ile ilikuwa fyuzi. Mtoto wangu alikata ili ajiokoe, nami kwa mkono wangu nikamfunga waya wa shaba. Mimi na mama yake tulizungumza juu ya uvivu, juu ya marafiki, juu ya simu. Juu ya basi hatukuzungumza, kwa sababu basi halikuwa ndani ya mtoto, nasi tulikuwa tumekwisha kuamua kwamba ubovu uko ndani yake.

Mzee alitia transista mpya, akabadilisha rezista mbili zilizoungua, akaweka fyuzi halisi ya kipimo kilichoandikwa kwenye bodi. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona. Hakuichomeka amplifaya moja kwa moja ukutani. Aliipitishia umeme kwenye globu ya kizamani ya wati 100. Kama ndani bado kuna shoti, alisema, globu itawaka kwa nguvu na kubeba mzigo wote, na mashine haitaungua tena. Akawasha. Globu ikamulika mara moja, ikafifia, ikabaki na wekundu mdogo wa uzi wake. Tuliitazama sote wawili bila kusema neno. Baada ya sekunde chache rilei ikalia “tak”, na ndipo alipounga spika.

Jioni ile nilimwomba binti yangu radhi. Hakujua aseme nini, na sikumlazimisha. Twisheni tuliisimamisha wiki ile ile, na muhula uliofuata tukamhamishia shule anayoifikia kwa miguu. Sasa anaamka saa kumi na mbili.

Gharama ya mzee ilikuwa ndogo kuliko nilivyoogopa, na kabla sijaondoka alizisokota ncha zote za nyaya na kuzitia risasi ili pasichomoze unyuzi mwingine. Ndugu msomaji, amplifaya yako ikizimika, usikubali fyuzi ifungwe waya wa shaba. Na ukimpelekea fundi, mpelekee na spika na nyaya zake.