Mwalimu wa Safu ya Mbele

Zama nilipokuwa nikicheza wingi ya kulia katika timu ya mtaa wetu wa Shela, hapa Malindi, tulikuwa na walimu wawili, mmoja akiisimamia timu nzima, na wa pili, mvuvi aliyeucheza mpira sana katika ujana wake, akitufunza sisi wa safu ya mbele peke yetu. Huyu wa pili alikuwa akikaa kivulini, akapanga vifuu vya nazi mchangani na kuvisogeza kimoja kimoja kwa kidole, nasi tukivitazama hata ikatukaa moyoni kwamba mimi nikiisha kumpita beki sina haja ya kuinua macho, maana sahibu yangu wa kati atakuwa amekwisha kuukimbilia mlingoti wa karibu, na wa kushoto yuko nyuma yake akiungoja mpira utakaomponyoka.

Kazi ilipomhamishia mwalimu huyo Kilifi, akaletwa kijana mwenye maarifa, aliyependa pasi fupi za katikati. Wala simlaumu, kwani mpira wa namna hiyo ni mzuri ukizoeleka. Lakini msimu ule mzima mimi nilikuwa nikipiga krosi zisizo na mwenyewe, kwa kuwa sahibu yangu, kwa amri mpya, alikuwa amerudi nyuma kuuomba mpira miguuni. Tukaanza kununiana, kila mmoja akimdhania mwenziwe kuwa amefanya uvivu, ilhali miguu ilikuwa ni ile ile, na kilichotutoka ni yale mapatano ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyepata kuyatamka.

Kwa hiyo mwaka 2009 ulipowafika Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, barazani petu sikustaajabu kama walivyostaajabu wenzangu. Mwaka uliotangulia, chini ya Francis Kimanzi, kijana aliyeinukia Mathare United, Stars walizifunga Zimbabwe na Guinea mbili bila jijini Nairobi, na Namibia moja bila katika mwezi wa Ramadhani, wakamaliza kundi lao la kuwania Kombe la Dunia na alama 10 na mabao 8, na kufikia Desemba wakawa wa 68 duniani, daraja ambayo Kenya haikuwa imepata kuikanyaga. Mwanzoni mwa 2009 Kimanzi akaondolewa, akaja Antoine Hey kutoka Ujerumani. Dennis Oliech alikuwepo, McDonald Mariga alikuwepo, na Stars wakatoka katika kundi la duru iliyofuata na alama 3 tu, bila ya kufunga hata bao moja ugenini, si Abuja, si Msumbiji, wala Tunisia.

Insafu yanitaka niseme kwamba Nigeria na Tunisia si Namibia, na pengine hata Kimanzi angaliadhirika huko. Hata hivyo, nilipokuwa nikimtazama Oliech akikimbilia nafasi, kisha akasimama na kuinua mikono kwa kuwa mpira umekwenda kwingine, nilikiona kile kile kilichotupata sisi. Mwezi wa Novemba, Hey alipokwisha kuondoka na timu akakabidhiwa mwenzetu wa Pwani, Twahir Muhiddin, Stars walishindwa na Nigeria tatu kwa mbili, lakini mabao yale mawili yaliwapa watu wa baraza yetu faraja kubwa kuliko matokeo yote ya mwaka ule.

Siku hizi timu ya mtaa ikitaka kubadilisha mwalimu wa mbele, sisi wazee humwomba anayeondoka akae kwanza na anayeingia, amweleze ni nani humkimbilia nani, na kwa sababu gani. Wa mwisho kuja alimsikiliza mwenziwe jioni kadha wa kadha, kisha akaugeuza upande wa kushoto wote, na wa kulia akauacha kama alivyoukuta.