Asilimia Mbili

Madereva wa malori matatu walipoteza kazi kwa sababu mimi sikubadilisha namba moja kwenye kompyuta. Namba yenyewe ilikuwa 2. Naandika kwa wapanga mipango wenzangu wa migodini, hasa wanaoanza kazi, maana kosa hili halipigi kelele likifanyika.

Mgodi ulikuwa wa dhahabu, wa shimo la wazi, Kanda ya Ziwa. Kazi yangu ilikuwa kukadiria malori yatakayohitajika kubeba mbale na mawe taka, Machi hadi Mei. Tulitumia Cat 777, lori linalobeba karibu tani 90 kwa safari. Programu za kazi hii, Talpac na nyinginezo, unazipa njia kipande kwa kipande, kutoka eskaveta inapopakia hadi lori linapomwaga, pamoja na urefu na mwinuko wa kila kipande. Programu inachukua nguvu ya injini na uzito wa gari, inakokotoa mwendo, kisha inakupa muda wa mzunguko mzima. Ukigawa muda huo kwa muda wa kupakia lori moja, unapata malori yanayotosha kuilisha eskaveta isisimame.

Lakini kila kipande cha njia kinadai pia ukinzani wa ardhi, yaani jinsi barabara inavyoyazuia matairi kuviringika. Barabara ngumu iliyopitiwa vizuri na greda ina karibu asilimia 2. Njia ikilainika, kila asilimia inayoongezeka hulielemea lori sawasawa na asilimia moja ya mlima. Njia yetu ya kutokea shimoni ilipanda kwa asilimia 10, kilomita mbili nzima. Niliacha 2 kila mahali, nikapata jumla ya 12.

Nilikuwa napanga masika. Niliijua masika. Sikuiingiza.

Ilitokea hivi. Faili lilitengenezwa kiangazi, na kiangazi majibu yake yalilingana na muda halisi wa malori, kwa hiyo nikaliamini lote. Nguvu zangu zikaenda kwenye vitu vilivyobadilika machoni pangu: kina kipya cha shimo, urefu mpya wa njia, jaa jipya la mawe. Hivyo nilivikagua kwa uangalifu mkubwa, na uangalifu ule ukanipa imani kwamba nimekagua kila kitu. Tena jibu lilipunguza gharama za kukodi, na jibu la namna hiyo mezani halina anayelihoji.

Kwa hesabu yangu lori lenye mzigo lingepanda kwa kilomita 10 kwa saa, dakika 12 hadi juu. Mzunguko wote dakika 28, kupakia dakika 4. Malori saba kwa eskaveta moja. Tulikuwa na eskaveta tatu, kwa hiyo malori 21 yalitosha. Yalikuwepo 24. Nikaandika kwamba matatu ya mkandarasi hayahitajiki, yakaondolewa kabla ya mvua.

Aprili eskaveta zikaanza kusimama zikisubiri malori. Hapo nilikosea mara ya pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Niliandika barua kuhusu nidhamu ya madereva. Nilidai wanachelewa kwa makusudi.

Nikapanda lori moja ili nijionee. Dereva alikuwa mama mwenye uzoefu mrefu kuliko wangu. Katikati ya mlima, mguu wake umekanyaga mafuta hadi mwisho, aliniambia, "Injinia, tazama mwenyewe. Tangu mvua ianze, hapa haivuki nane."

Nikatazama. Ilikuwa nane. Hesabu ilinijia palepale kwenye kiti: injini ni ileile, na kama mwendo umeshuka kutoka 10 hadi 8, basi mzigo wa njia umepanda kutoka 12 hadi 15. Barabara ilikuwa 5, si 2. Sikusema kitu hadi tulipofika juu, kisha nikamwomba radhi. Baadaye, njia ilipofungwa ili greda ifanye kazi, nikashuka na rula. Matairi yalikuwa yamezama kama sentimita 5. Kanuni inayotumika sana inaongeza asilimia 0.6 kwa kila sentimita: 3 juu ya 2. Rula ingeniambia hayo mvua za kwanza.

Kwa 5, kupanda ni dakika 15, na kwa tope lililokuwa jaani mzunguko ulifika dakika 32. Malori manane kwa eskaveta. Ishirini na manne. Tulikuwa nayo yote kabla sijaandika.

Kinu kililishwa kwa rundo la akiba lenye dhahabu hafifu, na dhahabu ya miezi ile ilipungua. Madereva wa mkandarasi walikaa masika nzima bila mshahara.

Faili sasa lina njia ya kiangazi na njia ya mvua, na msimamizi wa magreda hunipa kina cha matairi kila mvua kubwa inaponyesha. Barua yangu niliifuta mbele ya madereva, kwenye mkutano wa kuanza zamu, nikaeleza kosa ni la nani. Mmoja akauliza kama wenzao watarudishwa. Nilikuwa nimekwisha kumpigia mkandarasi, na malori yale yalikuwa yamepata kazi kwingine pamoja na madereva wapya. Nikawaambia hivyo.