Mkaja

Katika mahari ya dada yangu, kama zilivyo posa nyingi za pwani, kulikuwa na fungu la mama liitwalo mkaja. Wazee walilitaja, likapokelewa, pilau ikapakuliwa. Dada alipojifungua, mama alifika na kitambaa kirefu cha marekani, akamzungushia tumboni mara kadhaa na kukaza fundo. Kitambaa hicho nacho kinaitwa mkaja. Kumbe fungu lile la mahari lina jina la kitu anachofungwa mzazi: mama anakumbukwa kwa tumbo lake.

Mimi nasoma shahada ya uzamili ya anatomia, na tumbo nimelijua kwa tabaka. Ubavuni, msuli wa nje una nyuzi zinazoshuka kuelekea mbele, kama vidole vya mtu aliyetia mikono mifukoni. Chini yake upo mwingine ambao nyuzi zake nyingi huenda kinyume, zikapishana na za kwanza. Wa ndani kabisa umelala kwa upana, kutoka mgongoni hadi mbele. Huu ndio mkaja tuliozaliwa nao. Ukitaka kuinua mkono, hukaza kabla mkono haujaondoka, ili mgongo uwe na pa kuegemea.

Mbele kuna misuli miwili iliyosimama wima toka mbavuni hadi kwenye kinena, imekatwakatwa na mishipi migumu. Vijana wa mazoezini huita sikspaki. Katikati yake hupita utepe mweupe usio na nyama. Mimba inapokua, utepe huo hutanuka na misuli hiyo miwili huachana.

Miezi mitano baada ya kujifungua, dada alipishwa kiti kwenye daladala na abiria aliyedhani ni mjamzito. Alishukuru, akakaa. Tangu siku hiyo akaacha chakula cha usiku, na kila alfajiri akawa analala chali na kujiinua mara mia, akifuata video za kwenye simu. Kila alipojiinua, katikati ya tumbo palichomoza tuta.

Nilimwomba alale mkekani, akunje magoti, ainue kichwa kidogo. Juu ya kitovu vidole vyangu vitatu vilizama.

“Haya si mafuta, dada. Misuli imeachana.”

Alitazama dari kwa muda. “Kwa hiyo si uvivu, mdogo wangu?”

Swali hilo halimo katika kitabu chochote nilichosoma. Nilimjibu kwamba utepe ule ulitanuka ili mtoto apate nafasi, na kwa wengi hupungua wenyewe, kwa wengine huhitaji msaada. Nikamsindikiza kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Alimsimamisha yale mazoezi ya kujiinua, akamfundisha kutoa pumzi polepole huku akivuta tumbo ndani, na kugeukia ubavu kabla ya kuamka. Kitambaa hushikilia, alisema, lakini kazi ya msuli hufanywa na msuli.

Msuli ule wa ndani hauonekani kwenye picha, kwa hiyo hakuna anayeuringia. Lakini ndio unaosaidia kukohoa, kucheka, kutapika na kumsukuma mtoto atoke.

Mtoto ana miezi kumi sasa. Pengo limebaki vidole viwili, na dada amerudi kula chakula cha usiku. Akikohoa, hashiki tena tumbo kwa mkono.