Mfuko unabeba jasho la wengi

Juma hili tuongee juu ya kitu tunachokitazama mwisho kabisa, wakati safari iko kesho: mfuko wa kubebea mali, ao valizi.

Mji wetu ni mji wa watu wa safari. Reli ilifika hapa mwaka wa 1910 ikitoka kusini, na mpaka leo mali nyingi tunazouza zinapitia kusini. Mama anapanda busi, anapita Kasumbalesa, anavuka Zambia mpaka Tunduma, kisha Dar es Salaam, kutafuta vitenge na viatu vya watoto. Wengine wanapanda treni ya TAZARA kule Kapiri Mposhi, kilometa 1,860 mpaka Dar es Salaam. Katika njia kama hiyo mfuko unapandishwa, unashushwa, unafunguliwa mpakani, unakaliwa, unanyeshewa.

Mwaka uliopita, wakati wa mvua, dada mmoja wa kikundi chetu alirudi na vitenge katika ule mfuko mkubwa wa plastiki wenye mirabamiraba. Watu wa Afrika ya Magharibi wanauita “Ghana Must Go”, tangu Nigeria ilipowafukuza Waghana mwaka wa 1983 na wengi wakaondoka nao. Ni mfuko wa kuondoka haraka mara moja, si wa kufanyia biashara miaka. Kasumbalesa, mbebaji alipouinua, mikono iling'oka na kitako kikapasuka. Vitenge viliingia matopeni. Dada alivifua, akavipiga pasi, lakini kitenge kilichofuliwa hakiuzwi tena kama kipya. Aliviuza kwa hasara.

Hasara haikuishia kwake. Falanga zile zilikuwa za likelemba. Mama aliyekuwa na zamu iliyofuata alizingojea alipe masomo ya watoto. Hazikufika kwa wakati, na watoto wake wawili walirudishwa nyumbani majuma mawili. Hakuna aliyepigiana kelele na mwenzake, lakini kwenye mkutano uliofuata watu walikaa mbalimbali. Ndiyo maana nasema: mwenye mfuko ni mmoja, lakini jasho lililo ndani ni la wengi.

Mama yangu mzazi alilijua jambo hili. Wakati baba akifanya kazi Gécamines, mama alinunua sanduku la chuma. Kaka yetu mkubwa alikwenda nalo shule ya kulala. Likatumikia watoto watano, kisha likabeba vyombo vya dada yangu siku alipoolewa. Fundi alilichomelea bawaba mara mbili tu. Leo tunawekea unga ndani, na panya hawaingii.

Lakini kizuri si kila kizito. Kwa ndege, kampuni nyingi zinaruhusu kilo 23, na uzito wa valizi yenyewe unahesabiwa humo. Sanduku la chuma libaki kwa shule na nyumba. Kwa busi, tafuta turubai nzito. Kwa ndege, valizi nyepesi lakini ngumu.

Tufanye hesabu. Mfuko wa dola 8 unaokufa kila safari, kwa safari sita umekula dola 48. Mfuko wa dola 40 unaodumu safari hizo sita tayari umekuachia dola 8, na bado unafanya kazi. Tena hatujahesabu vitenge vya matopeni.

Ukienda soko, usinunue rangi. Pindua mfuko uone mshono wa ndani. Mikono iwe imeshonwa kuzunguka mpaka chini ya kitako, si kubandikwa ubavuni. Vuta zipu mara kumi. Jaza vitu vizito, uunyanyue palepale mbele ya muuzaji. Magurudumu yawe makubwa, ya mpira. Kisha muulize fundi wa viatu wa mtaani kwenu kama anaweza kuutengeneza ukichanika. Akitikisa kichwa, urudishe.

Na kama dola 40 ni nyingi kwa mama mmoja, si nyingi kwa kikundi. Sisi tulichangishana, tukanunua mifuko miwili ya turubai. Anayesafiri anaazima, anarudisha ikiwa safi na kavu, na mshono uliolegea anaushonesha kabla ya mwenzake kusafiri. Mpaka sasa imekwenda safari saba, na zamu ya likelemba haijachelewa tena.