Alama Zisubiri

Mwanafunzi akirudishiwa insha yenye 9 kati ya 20, ataitazama ile 9, kisha atachungulia ya jirani yake. Maneno yaliyoandikwa pembeni hana habari nayo. Ndiyo maana hapa Nanyuki, ninakofundisha Kiswahili katika shule ya upili, narudisha insha bila alama. Alama hubaki kwenye daftari langu mpaka aandike upya.

Mwaka wa 1988 mtafiti Ruth Butler alichapisha uchunguzi aliowafanyia wanafunzi nchini Israel. Waliopewa maoni peke yake waliimarika. Waliopewa maoni pamoja na alama hawakufaidika hivyo. Alama iliyafunika maoni.

Katika KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza shule ya upili nchini Kenya, mtahini hupiga mstari mmoja chini ya kosa la hijai na miwili chini ya kosa la sarufi. Zile ni ishara za kutolea alama, na karatasi ile hairudi kwa mtahiniwa. Wangu atarudi darasani kesho, na anahitaji kujua aanzie wapi.

Msichana mmoja wa kidato cha tatu aliandika kuhusu mamake, mchuuzi wa karoti. Alifungua kwa jua lililochomoza kwa madaha na ndege waliomsifu Muumba, ufunguzi ambao nusu ya darasa wameukariri. Karoti zilijitokeza katika aya ya nne: mama akiziosha usiku kwa maji baridi mpaka vidole vikakataa kukunjuka. Hapo nilitia tiki, nikaandika: “Hapa nimemwona mama. Anzia hapa, jua liache. Nani alimshikia taa?” Makosa ya sarufi yalikuwa mengi, nikachagua la aina moja: “Sentensi 3 katika aya hii hazina upatanisho wa ngeli. Zitafute.” Alizipata zote. Na taa, kumbe, aliishika yeye mwenyewe, ya simu, huku akikariri mashairi ya shuleni.

Darasa lina zaidi ya wanafunzi 50, kwa hiyo siwezi kudai insha nzima iandikwe tena. Naomba aya moja, na nawapa dakika 20 za kipindi chenyewe. Wenzangu hunishauri kazi hiyo niisukume kwenye prepu, kipindi cha kujisomea jioni. Nakataa. Wa bweni wana prepu na taa. Wa kutwa, wanaorudi Likii na Majengo jioni, wanasubiriwa na mitungi ya maji na wadogo zao.